Hili Tu, au na Yote Yajayo

Mwanangu Ineza,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakusihi: kunja karatasi hizi, uzirudishe ndani ya kitabu cha Jiografia ulimozikuta, usizisome mpaka uwe peke yako. Usizisome kwenye basi, jirani yako atachungulia. Bibi yako akiuliza mama ameandika nini, mwambie mama amesema atamweleza mwenyewe kwa simu. Presha yake unaijua, na huko kwake Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, habari hufika kabla ya abiria. Tena kuna mzee mmoja hapa Kigali ambaye lazima ayasikie haya kutoka kinywani mwangu kwanza, asije kuyasikia kwa watu. Kila neno lililomo humu lifiche mpaka nikupigie. Nakuomba sana, mwana wanjye.

Sitakuandikia habari za soksi, sabuni na dawa ya mbu. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kuyaimba kwa sauti yangu ukidhani sikusikii. Nataka kukuandikia juu ya lifti.

Siku ile ya Jumatano uliporudi kutoka mjini ulikuwa unacheka. Nilikuwa napepeta mchele. Ukasema, "Mama, leo nimekula sambusa mpaka nimeshindwa."

"Za nani?"

"Za mwenye kukwama na mimi!"

Ukanihadithia. Ulikuwa umekwenda kupiga picha za makaratasi yako ya safari, studio iko ghorofa ya tano, na ndani ya lifti mlikuwa watatu: wewe, mama mmoja muuza sambusa na ndoo yake, na bwana mmoja aliyevaa suti. Taa ikazima. Lifti ikashuka kama ndoo iliyokatika kamba, kisha ikashikwa na kitu, ikakaa inaning'inia gizani. Yule bwana akaanza kusali kwa sauti. Mama wa sambusa akasema, "Kama ni kufa, tufe tumeshiba," akafungua ndoo. Bwana wa suti alikataa kwanza. Baadaye kidogo mkamsikia gizani anauliza, "Na pilipili iko?"

Ulicheka hapo mpaka ukashika ukuta. Ukaniambia jinsi mlango ulivyofunguliwa juu ya vichwa vyenu, ukaona tochi, na nyuma ya tochi uso wa Mzee Karoli, fundi wa ofisini kwetu. "Weye! Si weye Ineza ya Mama Ineza? Leta mukono. Usiangalie chini, angalia upara yangu." Akakuvuta. Ukasema mikono yake ilinuka grisi.

"Ni umeme tu, mama," ulisema. "Ulikatika."

Nilicheka nawe. Nikakuuliza ni jengo gani. Ukalitaja. Nikasema naenda kuanua nguo, nikatoka nyuma ya nyumba. Nilikaa chini kwenye saruji yenye maji. Hakukuwa na nguo za kuanua, Ineza. Hatukuwa tumefua siku ile.

Haukuwa umeme. Ilikuwa mimi.

Hata sasa nimeandika maneno hayo mawili na nayaangalia kama yameandikwa na mtu mwingine. Tangu Jumatano niko hivi. Nakoroga chai nasahau ni chai ya nani. Jana umeniita mara nyingi nikiwa nakutazama usoni. Nitakueleza taratibu, kwa sababu nami natafuta kuelewa.

Unajua ofisi yetu inatunza lifti na majenereta kwenye majengo ya watu. Mafundi ni wanne, mkubwa wao Mzee Karoli, aliyetoka Bukavu akiwa kijana. Mimi ni karani wao. Kazi yangu ni kujua nani anatakiwa kuwa wapi, na lini. Zamani tulikuwa tunatumia ubao wa ukutani na mdomo wangu. Nilikuwa nasimama mlangoni asubuhi nikisema, "Muzee, leo Gatsata, usisahau mafuta," naye ananijibu, "Weye ndiyo redio yetu."

Kisha bosi, Bwana Vedasti, alirudi kutoka semina fulani akasema hatutakumbushana tena kwa kupiga kelele kama watu wa soko. Tutakuwa na programu yetu wenyewe, ndani ya simu ya kila mtu, ya kukumbusha kila kazi inayorudi. Akaja Patrick, yule kijana wa Kicukiro mwenye kompyuta iliyojaa vibandiko, na mimi nikaambiwa nikae naye nimweleze kazi za ofisi ili atengeneze. Wakumbuka jioni ile? Nilileta keki nyumbani bila sababu. Sababu ilikuwa hiyo. Karani mdogo kama mimi, nimeitwa kubuni kitu.

Nilidhani kueleza ni rahisi. Kazi zetu zote hurudi: lifti hukaguliwa kila mwezi, jenereta huwashwa kila wiki lisije likalala moja kwa moja, bima huisha kila mwaka. Siku ya kwanza nilimwambia Patrick, "Hii ripoti weka tarehe thelathini na moja ya kila mwezi."

Akanitazama. "Na Februari, dada?"

Nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

"Na Aprili? Na Juni?"

Nimesoma mpaka chuo, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna miezi haina siku hiyo. Tulicheka mpaka bosi akachungulia. Lakini Patrick alinifundisha jambo ambalo halijanitoka. Kazi inayorudi, alisema, si kazi moja, ni mnyororo. Ukigusa pete moja ya mnyororo huo, programu nzuri lazima ikuulize kwanza: hili tu, au na yote yajayo? Ukisogeza kikao cha wiki hii kwa sababu ya sikukuu, unasogeza hicho tu. Lakini mteja akihama jengo, unabadilisha hicho na vyote vitakavyofuata. Mtu akikosea kujibu swali hilo, kosa lake linajirudia lenyewe mwaka mzima bila yeye kulifanya tena.

Swali hilo lilinipendeza nikaliandika kwa kalamu nyekundu nikalibandika jikoni. Ukaniuliza ni mstari gani wa Biblia.

Sasa sikiliza nilivyokosea. Nilikosea mambo madogo madogo, na kila moja lilikuwa na sababu nzuri.

Patrick alitaka vitufe viwili. Kikumbusho kikilia, fundi abonyeze cha kwanza kusema nimesikia, na akimaliza kazi abonyeze cha pili kusema nimemaliza. Bosi naye alikuwa ametundika skrini kubwa kwenye korido. Kazi ambayo haijajibiwa inakaa nyekundu mbele ya jina la mtu, ikijibiwa inageuka kijani. Unajua sisi na mihigo yetu: kila mwanzo wa mwaka tunasaini tutakachotimiza, na kila Jumatatu bosi anasimama mbele ya skrini ile, mikono nyuma, anasoma rangi. Kuwa mwekundu mbele ya wenzako ni kama kusimama bila shati. Mafundi wakanijia. "Dada, hiyo kitu iko inatuaibisha," mmoja alisema. Mwingine: "Niko juu ya lifti, mikono iko na grisi. Mara ya pili nibonyeze na nini? Na pua?"

Nikamwambia Patrick kitufe kimoja kinatosha.

"Na mtu akibonyeza kuzima kelele tu, kazi hajafanya?"

"Watu wetu ni waaminifu," nilijibu. Na ni kweli. Ni waaminifu.

La pili, kuahirisha. Patrick alikuwa ameweka mahali pa kusogeza kazi mbele mtu akipatwa na jambo. Bosi alipoliona akasema, "Kuahirisha ndiyo ugonjwa wa ofisi hii. Ondoeni." Mimi nilijua watu wanaugua, watu wanazika, mvua inakata barabara. Nilikuwa nimekaa palepale, nimeshika kalamu. Nikaitikia, "Yego, bosi." Nikaandika: ondoa.

La tatu ni langu peke yangu. Lifti tunazikagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu ofisi za watu zimefungwa. Sasa mtu yeyote wa hapa, hata mtoto, anajua Jumamosi ya mwisho ni umuganda, kazi ya pamoja ya mji mzima. Asubuhi yote mji uko na majembe, magari hayatembei, halafu mkutano wa mudugudu, mtaa kwa mtaa, ndipo watu wanatawanyika karibu na mchana na mafundi wetu wanakwenda kazini. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini Patrick aliponiuliza vikumbusho vilie saa ngapi, nilisema saa tatu asubuhi, siku zote, kwa sababu siku zote kazi huanza saa tatu. Sikufikiri. Jumamosi ya kwanza, simu nne zikalia katika midugudu minne. Ya Mzee Karoli ililia wakati mkuu wa mudugudu anaeleza habari za mitaro, na ilikuwa haikomi. Mkuu akasema, "Muzee, jenereta lako linakuita?" Watu wakaangua kicheko, na mzee yule, unavyomjua na heshima yake, akarudi kazini amekasirika kama simba. "Mama Ineza, iyi machini yako itanifukuzisha kwa mutaa."

Patrick alikuwa ameshaingia kazi nyingine, akasema atarekebisha saa hiyo baadaye. Basi nikapata dawa yangu mwenyewe. Nilikuwa na ruhusa ya kuingia kwa jina la fundi yeyote, ili nimsaidie akisahau neno lake la siri. Kila Jumamosi ya mwisho, kabla sijachukua jembe, nilikuwa naingia kwa jina la kila mmoja na kuwabonyezea wote wanne. Kijani, kijani, kijani, kijani. Simu zikatulia. Mchana wakaenda kufanya kazi kama kawaida, maana kazi ile wanaijua kwa kichwa. Hakuna aliyedanganywa, nilijiambia. Nilitangulia kidogo tu. Waliniletea nanasi la shukrani, wewe ndiye uliyelimenya.

Kwa hiyo programu yetu ikawa inasema kazi imekwisha wakati fundi bado ameshika jembe. Na mimi nikiipita skrini ile kwenye korido, ilivyokuwa kijani yote kama mashamba ya chai, nilikuwa naona fahari.

Siku mbili kabla ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita, Mzee Karoli alikuja mezani kwangu na begi. Dada yake amefariki kule Rusizi. "Niko napanda basi sasa hivi. Ile lifti ya Jumamosi, niwekee Jumatatu. Sawa, binti yangu?"

"Sawa, muzee. Pole sana. Uende salama."

Na nilipanga kuisogeza, Ineza. Nikafungua programu, nikakuta hakuna mahali pa kusogeza, kwa sababu mimi mwenyewe niliandika ondoa. Nikasema nitatafuta njia, nitamwomba fundi mwingine. Mchana ule ndipo simu ya bibi ikaja kwamba shule kule Tanzania imekupokea. Nilipiga kelele mpaka walinzi wakaja. Tulizungumza nguo, tulizungumza sanduku, tulizungumza mstari wa mpakani.

Jumamosi asubuhi nikachukua simu. Kijani, kijani, kijani, kijani. Jina lake nililiona. Sitakudanganya kwamba sikuliona. Lilipita chini ya kidole changu, na kidole kilikuwa kimeshazoea.

Aliporudi kutoka msibani alisimama kwenye korido akaona jina lake ni kijani. Akaja kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Murakoze cyane, mumenisaidia." Mimi nilidhani ananishukuru kwa mchango wa rambirambi. Yeye alidhani wenzake wamemfanyia lifti yake. Tukapeana pole pale, mimi na yeye, kila mtu na lake moyoni, na lifti ikaendelea kupandisha watu na kuwashusha kwa breki iliyolika kama soli ya kiatu cha mtoto wa shule. Mpaka umeme ukakatika siku ulipoingia wewe, na breki ikashindwa kuishika.

Hapo ndipo ninaposhikwa na baridi. Mama wa sambusa sikuwa namjua, bwana wa suti sikuwa namjua. Ingekuwa wao peke yao, ningeshtuka hivi? Ningekaa kwenye maji nyuma ya nyumba? Naogopa kujijibu.

Lakini bado sijafika kwenye lililonifanya niandike.

Ijumaa bosi alituita: Mzee Karoli, Patrick, na mimi wa kuandika kumbukumbu za kikao. Bosi hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mzee, asubuhi ya umuganda umebonyeza kwamba lifti umeikagua."

"Bosi, iyo asubuhi nilikuwa kwa kaburi ya dada yangu."

"Basi nani alibonyeza?"

Mzee alifikiri. Akafikiri kweli, nilimwona. Akasema, "Machini. Ilijibonyeza yenyewe."

Wakacheka. Patrick akasema kwa upole, "Muzee wangu, simu haina kidole." Hata mzee akatabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayekubali kwamba amesema kitu cha kizamani. Patrick akageuza kompyuta yake, akaeleza kwamba programu inaandika jina la mwenye kazi tu. Haiandiki nani hasa aliyeingia kwa jina hilo. "Hatukuombwa kuweka hilo," alisema. Aliyetakiwa kuomba ni mimi.

"Nilimuaga Mama Ineza," mzee akasema. "Mumuulize."

Wote wakanigeukia. Bosi akaniuliza, "Alikuaga?"

Na mimi mama yako nikasema, "Aliniaga kwamba ana msiba. Ndiyo."

Basi. Kila neno ni la kweli. Unaweza kulipima neno moja moja na hutakuta uongo. Bosi hakuuliza zaidi, akakunja faili. Nikainamisha kichwa nikaandika sentensi yangu mwenyewe kwenye kumbukumbu, kwa ule mwandiko unaousifu. Nilipoinua macho, mzee alikuwa ananitazama. Si kwa hasira. Umewahi kumkimbilia mtu barabarani ukidhani ni shangazi, akageuka ukaona siye? Hivyo.

Kesho asubuhi, wakati basi lako linapanda kuelekea Kayonza, kikao cha Ijumaa kitakaa tena kumalizia. Watamfukuza. Na bosi amesema wenye majengo wataandikiwa kwamba fundi huyu alisema amekagua na hakukagua, hivyo hakuna atakayempa tena lifti katika mji huu. Yeye aliyekuvuta mkono. Na mimi niko salama kabisa, Ineza. Hilo ndilo linaloniamsha. Hakuna mashine itakayonitaja, hakuna mtu aliyeniona. Nilikuwa nikijiona mtu mwema aliye mwoga kidogo. Sikujua woga unaweza kufanya kazi kubwa hivi peke yake, bila hata kuomba msaada wa ubaya.

Nimejaribu kukumbuka woga huu ulianzia wapi. Nilipokuwa Karagwe shule ya msingi, mwalimu alikuwa akimaliza hesabu anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima tunaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Sauti yangu ilikuwa ya juu kuliko zote, na nilikuwa sijaelewa kitu. Nilijifunza kwamba ndiyo ikisemwa haraka, watu wanageuka wanaangalia kwingine. Nimeishi kwa ndiyo hiyo. Nilikuwa kidato cha nne ulipokuwa tumboni, na bibi yako akawa ananiuliza, "Una nini wewe?" Nami, "Sina kitu, mama," mwezi baada ya mwezi, mpaka siku moja ananisuka nywele, nimeegemea magoti yake, ukapiga teke akalisikia kwenye goti. Mikono yake ikasimama kichwani mwangu. Yaani ukweli wa kwanza mkubwa katika nyumba yetu uliusema wewe, kabla hujazaliwa. Mimi nililia, na katikati ya kulia nikaona mabega yangu yameshuka. Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nayabeba juu kiasi kile.

Sikuambii uwe jasiri huko uendako. Ningekuwa nakufundisha kuogelea nami sijawahi kuingia majini. Nakuambia tu nilichokiona.

Bosi aliponiuliza Ijumaa, lile swali la jikoni lilinijia kichwani kama limeandikwa kwenye skrini. Hili tu, au na yote yajayo? Nikajibu haraka: hili tu. Nusu ya ukweli mara moja, basi, halafu nitarudi kuwa mimi. Jumamosi nikakutana na mke wa Mzee Karoli sokoni hapa Nyakabanda. Alikuwa amevaa kitenge cha msiba bado. "Mama Ineza! Mutoto anaenda lini? Nimemukaangia karanga." Akazitoa kwenye kikapu, zimefungwa kwenye nailoni, za moto bado. Ikabidi nitabasamu. Ikabidi niulize, "Mzee hajambo?" Akasema, "Halali usiku. Ananiambia machini inajibonyeza. Naogopa akili yake inaanza kuchoka." Na mimi nikasema, "Pole, atapumzika." Unaona? Ijumaa nilikuwa nimenyamaza tu. Jumamosi nilikuwa tayari namsaidia mwanamke kuamini kwamba mumewe anachanganyikiwa. Sikuchagua tena. Lilikuja lenyewe, kwa wakati wake, kama ukaguzi wa mwezi.

Zile karanga ulizoniuliza zimetoka wapi, zilizo mfuko wa mbele wa begi lako, ndizo hizo. Uzile, mwanangu. Hazina kosa lolote.

Kesho nitakusindikiza stendi ya Nyabugogo, nitakukumbatia, nitapungia dirisha. Kisha nitapanda moto, hizi pikipiki za abiria, mpaka ofisini. Nimeshaandika ninachotaka kusema, nimekata, nimeandika tena, mwisho imebaki sentensi moja: Mimi ndiye niliyebonyeza, mzee aliniomba niisogeze na nikasahau. Nataka kuisema huku yeye amekaa pale, na Patrick, ili yeyote aliyecheka asikie. Naifanyia mazoezi mbele ya sufuria. Kila nikifika kwenye neno mimi, nashika mwiko naanza kukoroga. Kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba nitaweza. Nikikuapia, itakuwa ile ndiyo ya darasani.

Ndiyo maana nakueleza jinsi ya kunipata, nawe ufuate hivi hivi.

Usipige simu ya ofisini. Usipige wala kuandika ujumbe kwenye namba yangu unayoijua, maana laini ile ni ya kampuni, na sijui itakuwa mkononi mwa nani. Ukiwa na haraka, piga kwa Mama Fifi jirani yetu, muuza maziwa. Namba yake nimeiandika ndani ya jalada la kitabu hiki. Mwambie tu, "Niitie mama." Atapiga kelele juu ya ukuta, nitakuja. Ukitaka kuniandikia barua, mpe wakala wa basi kule kwenu, aandike jina langu na neno Nyabugogo, nitaifuata mwenyewe stendi kila nikipita.

Mimi nitakupigia Jumapili baada ya misa, kwa simu ya bibi. Kaa karibu nayo. Nilikuwa nimeiweka simu hiyo kwenye programu, ijirudie kila Jumapili, ikilia nikumbuke. Leo nimeifuta. Iliniuliza hili tu, au na yote yajayo, nikaifuta yote. Mtoto wangu nitamkumbuka kwa kichwa changu, kama mafundi wanavyozikumbuka lifti.

Simu ikilia, angalia kwanza namba. Ikiwa ni ya Mama Fifi, ujue nimesema, laini yangu wameichukua, na sisi tutatafuta pa kuanzia. Basi niamkie, kisha unihadithie umekula nini. Lakini nikikupigia kwa namba yangu ya kazi, usiniamkie. Huenda wamenisamehe, na huenda sikusema. Niulize kwanza, "Mama, ulimwambia mzee?" Na nikijibu ndiyo haraka haraka, niulize tena.

Mama yako